Space Harrier Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wateja wengi wa kibanda chetu cha gemu hapa Majengo, Moshi, wanakuja kwa ajili ya gemu za mpira. Wapo wachache, na wengine hupiga simu kutoka Arusha, wanaoulizia gemu moja ya zamani ambayo waliiona ndani ya gemu nyingine au walisimuliwa na kaka zao. Majibu yao tumeyaweka hapa. Msimamo wetu mtauona tangu mapema: toleo la nyumbani la Space Harrier usilichague kwa uzuri wa picha, lichague kwa kile utakachokishika mkononi.

Space Harrier ni gemu gani hasa?

Ni gemu ya kufyatua risasi ya kampuni ya Sega, ya mwaka 1985, iliyobuniwa na Yu Suzuki kwa ajili ya mashine kubwa za sarafu, zile za kumbi za gemu. Ndiye huyo huyo wa Hang-On ya mwaka huohuo, OutRun ya 1986 na After Burner ya 1987. Muziki ni wa Hiroshi Kawaguchi, na ukishausikia mara moja utaupiga mluzi mpaka Jumapili.

Harrier, shujaa wa gemu, unamwona kwa mgongoni, amekumbatia mzinga wake, anakimbia ardhini au anaruka angani, na dunia nzima inamjia usoni: uyoga, nguzo, vichwa vya mawe vinavyoelea, mamothi wenye jicho moja, majoka. Hatua ziko 18. Hakuna duka la silaha, hakuna ramani, hakuna maelezo marefu ya hadithi. Unakwepa na unapiga, basi. Katika hatua ya 5 na ya 12 unapumzishwa kidogo: unapanda mgongoni mwa Uriah, joka jeupe lenye manyoya, na kazi yako inakuwa kugonga kila kilichosimama mbele.

Mbona anaruka bila ndege? Na Harrier si ndege?

Ni ndege kweli, ndege ya kivita ya Uingereza inayoweza kupaa wima. Wazo la awali lilikuwa gemu ya ndege hiyo kwenye vita vya kawaida. Kilichokwamisha ni kumbukumbu ya mashine. Ndege ikigeuka inadai picha ya kila pembe, na kila picha inakula nafasi. Suzuki akaiondoa ndege, akaweka mtu ambaye ukimtazama kwa nyuma anatosheka na picha chache, na vita vikahamia dunia ya kufikirika yenye majoka. Jina likabaki.

Toleo la nyumbani lilipoteza nini ukilinganisha na mashine kubwa ya sarafu?

Hili ndilo swali lenyewe, kwa hiyo tulieni kidogo.

Kwanza kiti. Mashine ya kifahari ya Space Harrier ilikuwa na kiti kinachoendeshwa na mota. Ukikisukuma kijiti cha kuongozea kushoto, kiti nacho kinalala kushoto na wewe ndani yake. Hiyo hakuna sebule iliyowahi kuipata, na sidhani kama mama mwenye nyumba angeruhusu.

Pili, uwezo wa kukuza picha. Mashine ile ilikuwa na vichakato viwili vya 68000 vya megahezi 10 pamoja na sakiti maalumu iliyoweza kuchukua picha moja ya mti na kuikuza au kuipunguza papo hapo, mamia ya mara. Ndiyo maana mti unaanza kama nukta kwenye upeo wa macho na kukufikia ukiwa mkubwa kama ukuta bila kurukaruka. Hakuna pande tatu za kweli pale, ni picha bapa zinazokuzwa haraka mno. Mashine za nyumbani za wakati ule hazikuwa na sakiti hiyo.

Tatu, na hili watu hulisahau, kijiti. Kijiti cha mashine kubwa kilikuwa cha analogi, na kilifanya kazi kwa namna ya pekee: pale kilipo kijiti ndipo alipo Harrier. Ukikipeleka nusu, anakwenda nusu ya skrini na kukaa hapo. Ukikiachia, anarudi katikati. Kwa hiyo mkono wako unajua mahali alipo hata kama jicho liko kwenye risasi inayokuja. Pedi yenye vitufe vya mishale haiwezi hivyo. Kitufe ama kimebonyezwa ama hakijabonyezwa, hakuna nusu. Gemu inabaki ile ile kwa macho, lakini kwa vidole imekuwa nyingine.

Picha mbovu utaizoea ndani ya dakika chache. Kijiti kibovu hutakizoea.

Kwenye Master System waliiwezaje basi?

Kwa ujanja, na kwa katriji kubwa, yaani lile kasha la kuchomeka lenye gemu ndani. Toleo hilo lilitoka Japani mwaka 1986 kwa Sega Mark III, mashine ambayo nje ya Japani iliitwa Master System. Katriji ilikuwa ya megabiti 2, yaani kilobaiti 256, na wakati ule ukubwa huo ulikuwa wa kutangazwa kwenye boksi.

Sasa fikirieni kazi waliyokuwa nayo. Kichakato ni Z80 cha megahezi 3.58. Mashine haiwezi kukuza picha yenyewe, kwa hiyo kila mti na kila adui ilibidi achorwe kwa ukubwa mbalimbali, wa mbali, wa kati, wa karibu, na michoro yote ihifadhiwe. Nafasi ya katriji iliishia huko. Halafu mashine hiyo ilikuwa na picha ndogo zinazotembea 64 tu, na katika mstari mmoja wa skrini hazizidi 8. Joka moja pana linamaliza hizo zote na kuanza kumetameta. Dawa waliyoipata ni kuchora vitu vikubwa kwa vigae vya mandharinyuma badala ya picha zinazotembea. Ndiyo sababu ukicheza unaona adui akiwa na kiboksi pembeni mwake, na anasogea kwa kudunda.

Wengine huona hiyo ni aibu. Mimi naona ni uamuzi sahihi: walikubali ukali wa pembe ili adui abaki mkubwa. Wangemfanya mdogo na laini, kusingebaki kitu cha kutisha.

Na si kupoteza tu. Toleo hilo liliongeza bosi wa mwisho, Haya Oh, ambaye kwenye mashine kubwa hakuwepo, kwa sababu kule hatua ya mwisho ni kurudiana na mabosi wa nyuma. Huyo Haya Oh alikuja kuwekwa hata kwenye toleo la Nintendo 3DS lililotoka Japani mwaka 2012.

Kuna matoleo mangapi na lipi ni zuri?

Mengi. Nitataja yanayoweza kukupitia mikononi.

Baada ya Master System likaja la mashine ya PC Engine mwaka 1988, na la Famicom ya Nintendo mwaka 1989 kupitia kampuni ya Takara. Game Gear, mashine ya mkononi ya Sega, ikapata lake mwaka 1991. Haya ni ya wakusanyaji. Mwaka 1994 likaja la 32X, kile kipande cha kuchomeka juu ya Mega Drive, mashine nyingine ya Sega, na kwa picha lilikaribia kabisa mashine ya sarafu. Watu hulisifu sana. Lakini pedi yake ni ya vitufe vya mishale, kwa hiyo kwa kipimo chetu limepata nusu ya alama. La Sega Saturn la mwaka 1996 liko karibu zaidi na lile la asili.

La Nintendo Switch la mwaka 2019 ndilo ningempa mtu anayeanza, kama Switch anayo. Limetengenezwa na M2, watu wanaojulikana kwa kuheshimu gemu za zamani, na lina hali ya ziada ambapo walinzi wawili wanamkinga Harrier asife ovyo kwa kugonga vitu. Wale wanaojiona wakali wataidharau hiyo hali, lakini ndiyo itakayokufikisha hatua ambazo ungeziona YouTube tu. Kulinunua mtandaoni kunahitaji akaunti ya nchi yenye duka la Nintendo na kadi inayokubalika huko, kwa hiyo zungumza kwanza na mwenye uzoefu kabla hujaweka pesa. La 3DS ndilo usilihangaikie tena: duka la mtandaoni la mashine hiyo lilifungwa kwa ununuzi mwezi Machi 2023.

Mimi nina PS4 tu. Nimekosa?

Hujakosa, na huenda unayo tayari bila kujua. Yakuza 0 ina ukumbi wa gemu ndani yake, na mojawapo ya mashine za humo ni Space Harrier nzima. Vilevile Shenmue I & II, iliyotolewa upya kwa PS4 mwaka 2018. Ndani ya Shenmue ya kwanza uko Yokosuka mwaka 1986, unapewa yeni 500 za matumizi kwa siku, na mchezo mmoja ukumbini ni yeni 100. Sijaona njia bora ya kumfundisha kijana thamani ya sarafu.

Diski za namna hii zinazunguka kwa wauzaji wa mitumba ya gemu, Arusha zaidi kuliko Moshi. Ulizia kwa jina la gemu kubwa, si kwa jina la Space Harrier, maana kwenye kasha halitajwi kwa herufi za kuonekana.

Na PS3?

Tafuta diski ya Sega Mega Drive Ultimate Collection ya mwaka 2009. Ndani kuna Space Harrier ya mashine ya sarafu, ila imefungwa mpaka utimize sharti kwenye gemu nyingine ya diski hiyohiyo. Mtu asikwambie diski ni mbovu kwa sababu haioni.

PS2 je? Hiyo ndiyo iliyo nyumbani.

Hapa kuna mtego. Diski ya Sega Classics Collection ina gemu inayoitwa Space Harrier, lakini si ile. Wameichora upya kwa pande tatu za kisasa za wakati huo, na ladha imebadilika. Ile ya kweli iko kwenye diski ya Kijapani ya mwaka 2004, namba 20 katika mfululizo wa Sega Ages 2500, pamoja na la Master System, la Game Gear, Space Harrier II na Space Harrier 3-D. Kwa mpenzi wa gemu hii, ile diski ni karamu. Ila PS2 ya soko letu haisomi diski ya Japani hivihivi, kwa hiyo mashine lazima iwe imetiwa chipu. Muulize aliyekuuzia, na akisema ndiyo, iwashwe mbele yako.

Nimepata mashine ya mtumba kutoka Japani. Niichomeke tu?

Usithubutu! Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Geuza mashine au adapta, soma kibandiko palipoandikwa INPUT. Ukiona 100-240V uko salama, badilisha kichwa cha plagi tu. Ukiona 100V peke yake unahitaji transfoma ya kushusha umeme, na iwe yenye wati za kutosha, isiwe ile ya kuchajia simu. Mafundi wa mjini wanazijua. Adapta ya kubadilisha umbo la plagi haipunguzi umeme hata kidogo. Wengi wameunguza mashine kwa kudhani inapunguza.

Nahitaji king'amuzi?

Hapana. Gemu haihusiani na king'amuzi.

Nimenunua ile fimbo ya HDMI yenye gemu elfu na kitu. Imeandikwa Space Harrier. Ndiyo yenyewe?

Mara nyingi kinachowaka ni Space Harrier II ya Mega Drive. Hiyo ni gemu nyingine, iliyozinduliwa pamoja na mashine hiyo Japani mwezi Oktoba 1988. Angalia jina kwenye skrini ya kwanza. Ukiona namba II, umepata mdogo mtu.

Si gemu mbaya, ila adui anakua kwa kuruka ukubwa, si kwa kutiririka, kwa hiyo ni vigumu kujua amefika lini. Na pedi za fimbo hizo, zile zisizo na waya, unabonyeza leo, zinajibu kesho. Tukiacha suala la kwamba gemu zile zimenakiliwa bila ruhusa ya wenyewe, kwa gemu ya kasi hii hazifai.

Nabonyeza, Harrier anachelewa kusogea. Pedi ni mpya.

Tazama runinga. Runinga bapa nyingi huipamba picha kabla ya kuionyesha, na kupamba huko kunachukua muda. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta hali ya gemu, iwashe. Rangi zitapoa kidogo na mkono utapata uhai. Kama runinga haina hali hiyo, zima kila kitu chenye jina la kulainisha au kung'arisha.

Mwenye runinga ya chogo stoo asiitupe. Kwa mashine za zamani za waya wa AV, hakuna runinga inayojibu haraka kuliko ile.

Harrier anajivuta mwenyewe kushoto. Gemu imeharibika?

Analogi ya pedi yako, yaani kile kijiti cha kidole gumba, imechoka. Kwenye mpira hutaliona hilo, maana mchezaji wa mpira hasimami sehemu moja. Space Harrier inasoma mahali kijiti kilipo kila wakati, kwa hiyo analogi ikivuta kidogo tu, Harrier naye hakai katikati. Pedi za vibandani karibu zote ziko hivyo kwa sababu ya mashuti. Fundi mzuri anabadilisha kifaa cha ndani bila kununua pedi nzima. Kabla ya hapo jaribu kuipuliza na kuisafisha kwa spiriti, ukiwa umeondoa betri.

Ukinunua pedi ya mtumba Kiboriloni au Memorial, shika analogi, izungushe taratibu, iachie. Irudi katikati yenyewe bila kulegea. Muuzaji akikuharakisha, nenda meza ya pili.

Juu ni chini na chini ni juu! Nifanyeje?

Matoleo kadhaa yana chaguo la kugeuza mwelekeo wa juu na chini. Jaribu yote mawili, chagua moja, usibadilishe tena.

Nakufa hatua ya kwanza tu. Siri ni nini?

Usikae katikati. Harrier mwenyewe anakuziba usione mbele, na ukitulia unapigwa, kwa sababu adui analenga pale ulipo wakati anafyatua. Kwa hiyo zunguka. Chora duara kubwa kwenye skrini, taratibu, bila kusimama, na risasi zitapita pale ulipokuwa. Wanaoanza hufanya kinyume: wanatulia ili walenge vizuri. Kulenga ni jambo la pili hapa. Kidole kisitoke kwenye kufyatua, na kama toleo lako lina chaguo la kufyatua mfululizo, liwashe bila haya.

Vitu vya chini vimegawanyika. Kichaka kidogo kitakukwaza tu, unapepesuka na kuendelea, ila hapo ulipopepesuka ndipo risasi inakukuta. Nguzo na miti inaua papo hapo. Kwenye hatua zenye nguzo nyingi usitazame nguzo iliyo karibu, tazama ya tatu kutoka kwako na uende kwenye upenyo wake mapema. Kuna hatua zenye sakafu chini na dari juu, na hapo mtu hujikuta anabana pumzi. Duara lako lifanye dogo, lakini liwepo.

Squilla, joka la mwisho wa hatua ya kwanza, linatisha kwa urefu. Fuata kichwa, mwili uache.

Inahifadhi nilipofikia? Huku umeme haueleweki.

Mashine ya sarafu haikuwa na kuhifadhi, na la Master System halina. Matoleo mapya, la Switch kwa mfano, yanayo. Hata hivyo gemu nzima, kwa anayeijua, inaisha chini ya nusu saa. Cheki luku kabla ya kuanza, inatosha.

Inachezwa watu wawili?

Hapana, ni ya mtu mmoja. Kibandani tunapokezana: ukipoteza laifu, pedi inahama. Sheria ni kwamba aliyeishika hasemeshwi. Sheria hiyo haijawahi kufuatwa.

Shikamoo. Mwanangu wa miaka tisa anaitaka. Ina ubaya?

Marahaba, mama. Space Harrier yenyewe haina damu wala lugha chafu. Kuna majoka, milipuko na ukelele mmoja mtu anapoanguka. Tatizo ni mahali ilipofichwa. Yakuza 0 ni gemu ya watu wazima wa miaka 18, yenye ugomvi na mambo ya usiku, na mtoto hawezi kufika kwenye ule ukumbi wa gemu bila kupitia hayo. Mpe diski ya PS3 niliyoitaja, au toleo la Switch.

Sauti ya mwanzo inasema karibu Fantasy Zone. Ndiyo ile gemu ya kidude chenye mabawa?

Siyo. Fantasy Zone ni gemu nyingine ya Sega, ya mwaka 1986. Ile shujaa wake ni Opa-Opa, unaokota sarafu na kununua silaha dukani, na bei zinapanda kadri unavyonunua, jambo ambalo mkazi wa Arusha halihitaji kufafanuliwa. Iko pia kwenye ile diski ya PS3, nayo imefungwa.

Space Harrier 3-D ya 1988 ninaweza kuicheza bila miwani yake?

Iko ndani ya ile diski ya Kijapani ya PS2, kwa hiyo njia ipo. Ukiipata katriji halisi ya Master System bila miwani ya SegaScope, utaona picha mbili zinazopishana haraka, na kichwa kitauma kabla ya bosi wa kwanza. Miwani ile inafungua na kufunga jicho moja moja kwa kufuata mwako wa runinga ya chogo, kwa hiyo hata ukiwa nayo, kwenye runinga bapa haitakusaidia.